Utafiti wa uzamivu katika afya ya jamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanaofikiria kuanza shahada ya uzamivu (PhD) katika afya ya jamii na kwa walio katikati yake. Ukielekezwa kwenye swali lingine, ni kwa sababu jibu limeshaandikwa huko.

## Kabla ya kuanza

1. Afya ya jamii inatofautianaje na tiba ya hospitalini?

Daktari wa wodini anauliza kwa nini mgonjwa huyu ameugua. Mtafiti wa afya ya jamii anauliza kwa nini watu wa upande huu wanaugua kuliko wa upande ule, na nini kifanyike kabla hawajafika hospitali. Ndiyo maana uwanja huu unabeba fani nyingi: epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii na kwa nini), takwimu za afya, lishe, afya ya mazingira, uchumi wa afya, mifumo na sera za afya, sayansi ya tabia. Mada nyingi ambazo wanafunzi huja nazo leo, kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ushiriki wa wananchi au gharama za matibabu, zinarudi kwa namna moja au nyingine kwenye Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi.

2. Lazima niwe daktari au muuguzi?

Hapana. Wanatakwimu, wanasosholojia, wachumi, wanajiografia na wahandisi wa maji wote wamo. Kinachohitajika ni kujua unaleta nini na unakosa nini. Daktari mara nyingi hukosa takwimu na nadharia. Mwanasosholojia hukosa ufahamu wa ugonjwa wenyewe. Pengo hilo lizibwe mwaka wa kwanza, au apatikane msimamizi wa pili anayeliziba.

3. Kuna tofauti gani kati ya PhD na DrPH (Doctor of Public Health)?

PhD inamwandaa mtafiti: unatarajiwa kuongeza maarifa mapya na kuyatetea. DrPH inamwandaa kiongozi wa programu na sera, na kazi yake ya mwisho mara nyingi hutatua tatizo la taasisi au mfumo fulani. Mipaka hutofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo soma kanuni za chuo badala ya kutegemea jina la shahada.

4. Inachukua muda gani?

Kwa mwanafunzi wa muda wote, miaka 3 hadi 5 ndiyo makadirio ya kawaida, na wengi huvuka. Kuandika si sehemu inayochelewesha zaidi. Muda hupotea kwenye swali lisiloshikika (swali la 5), kibali cha maadili kilichoombwa kwa kuchelewa (swali la 11) na data zilizorudi zikiwa na walakini (swali la 15).

## Swali na mbinu

5. Nitajuaje kama mada yangu ni pana mno?

Andika swali lako kwa sentensi moja, kisha jiulize: nikizipata data zote ninazozitaka, nitafanya hesabu gani, au nitasoma nini ndani yake, ili nijibu? Ukishindwa kusema, bado huna swali.

“Afya ya uzazi kwa vijana” si swali; ni rafu nzima ya maktaba. “Changamoto za chanjo” nayo haijafika. Jaribu hili: “Miongoni mwa watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua, nini kinawatofautisha waliokosa ya pili na walioipata?” Hapo mambo yanaanza kujipanga yenyewe. Dozi ya kwanza kwa kawaida hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 au 12, ya pili kati ya miezi 15 na 18. Kwa hiyo huwahitaji watoto wa mwaka mmoja. Unawataka waliokwisha kupita umri wa dozi zote mbili, tuseme miezi 24 hadi 35. Unahitaji kuona kadi ya kliniki, na unahitaji kuamua mapema utafanya nini kadi ikiwa imepotea. Pia umegundua kwamba wale ambao hawakupata hata dozi ya kwanza ni kundi lingine lenye sababu zake, na halimo katika utafiti huu.

Wanafunzi huogopa kwamba swali jembamba litaonekana dogo. Mada pana hupita kirahisi kwenye kikao cha pendekezo la utafiti kwa sababu inasikika nzito; deni lake linalipwa mwaka wa tatu.

6. Je, lazima nigundue kitu ambacho hakijawahi kufanywa popote?

Hapana. Upya unaweza kuwa kwenye kundi lililosahaulika, kipimo bora, muundo unaotenganisha mambo yaliyokuwa yamechanganyika, au jaribio la kuona kama matokeo yanayonukuliwa kila mahali yanasimama pengine. Ila “utafiti huu haujafanyika katika wilaya yangu” peke yake haitoshi. Eleza kwa nini wilaya hiyo ingetoa jibu tofauti.

7. Tasnifu bila modeli ngumu za takwimu itachukuliwa kuwa dhaifu?

Muundo mzuri wa utafiti huzidi modeli ngumu. Wakati wa kipindupindu cha London mwaka 1854, daktari John Snow hakuwa na kompyuta wala nadharia ya vijidudu iliyokubalika. Alichokuwa nacho ni mitaa ambayo kampuni mbili za maji zilihudumia nyumba zilizopakana: Southwark and Vauxhall, iliyovuta maji ya mto Thames sehemu iliyochafuliwa na maji taka, na Lambeth, iliyokuwa imehamishia chanzo chake juu zaidi ya mto mwaka 1852. Matajiri na maskini walikuwa kwa kampuni zote mbili, kwa hiyo ulinganisho ulikuwa wa haki. Alipowakuta wapangaji wasiojua maji yao ni ya nani, kwa kuwa aliyelipa ni mwenye nyumba, alipima kiwango cha chumvi kwenye maji hayo, maana maji ya kampuni hizo mbili yalitofautiana waziwazi. Kisha akahesabu vifo. Mwanafunzi wa leo anayeweza kueleza atakavyolitatua tatizo la “mshiriki hajui jibu” tayari amewazidi wengi.

Ukitaka kusema jambo moja *linasababisha* lingine, pitia vigezo tisa alivyovieleza mwanatakwimu Austin Bradford Hill mwaka 1965. Yeye mwenyewe hakuvitoa kama orodha ya kuwekea tiki, na watahini wanalijua hilo.

8. Nichague mbinu ya kitakwimu au ya kimaelezo?

Swali ndilo linalochagua. “Wangapi” na “kwa kiasi gani” yanataka namba. “Kwa namna gani” na “wanaelewaje” yanataka mahojiano, majadiliano ya vikundi au kukaa na kushuhudia. Mbinu mseto ni halali, lakini usiingize majadiliano mawili ya vikundi mwishoni ili tu pendekezo lionekane limekamilika. Kama sehemu ya kimaelezo haibadilishi chochote katika tafsiri ya namba, itoe.

9. Naweza kutumia data zilizokwishakusanywa na wengine?

Ndiyo, na kwa wengi ndiyo njia ya busara. Tafiti za kaya za DHS (Demographic and Health Surveys, yaani za idadi ya watu na afya), zilizoanza mwaka 1984, zimefanyika katika nchi zaidi ya 90 na zimezaa tasnifu nyingi nzuri. Masharti ni matatu. Tumia vizito vya sampuli (namba zinazoonyesha kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi) na muundo wake katika uchambuzi. Soma dodoso lenyewe, si jina la kigezo tu. Na utofautishe data zilizopimwa na makadirio ya modeli: ukichukua makadirio ya vifo ya kimataifa ambayo tayari yalitumia kipato kama kitabiri, kisha “ukagundua” kwamba kipato kinahusiana na vifo, umegundua modeli ya mtu mwingine.

Hakikisha pia unazo data mkononi kabla pendekezo halijapitishwa. Ahadi ya mdomo kutoka ofisi fulani haihesabiki.

## Ukubwa wa sampuli

10. Ni kweli kwamba watu 384 wanatosha?

Namba hii inanakiliwa kutoka pendekezo hadi pendekezo kana kwamba ni sheria. Inatokana na 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, kugawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Jibu ni 384.16, na kwa kuwa hakuna sehemu ya mtu, ni 385. Inafaa kwa kazi moja tu: kukadiria kiwango cha jambo moja kwa sampuli nasibu sahili (kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa), kwa kosa la asilimia 5 juu au chini. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, fomula ni nyingine.

Zaidi ya hapo, katika jamii huchagui mtu mmojammoja kutoka orodha ya nchi nzima. Unachagua vijiji au mitaa kwanza, halafu kaya. Watu wa kijiji kimoja wanachangia kisima, zahanati na barabara. Majibu yao yanafanana, kwa hiyo mtu wa 20 anaongeza taarifa kidogo kuliko wa kwanza. Marekebisho ni 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila kijiji na ICC ni kiwango cha kufanana.

Chukua m ya 20 na ICC ya 0.05. Unapata 1.95. Zidisha kwa 385: watu 751. Ukitarajia asilimia 10 kutopatikana, gawanya kwa 0.9: watu 835, yaani vijiji 42. (Usizidishe kwa 1.1, utapata 827, na hao hawatoshi.) Sasa sema usafiri ni mgumu, ukaamua kuchukua watu 40 kwa kila kijiji. Marekebisho yanapanda hadi 2.95, sampuli inakuwa 1,263, na vijiji vinashuka hadi 32. Umeokoa vijiji 10 kwa kuongeza mahojiano zaidi ya 400. Uamuzi ni wako na wa mfuko wako, lakini mtahini atataka kuona kwamba uliufanya ukijua, na kwamba ICC uliitoa kwenye utafiti unaotajika.

Kwa utafiti wa kimaelezo hakuna fomula. Unaendelea hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya lenye uzito, na unaeleza ulilitambuaje hilo. Kuandika “niliwahoji 30 kwa sababu data zilijitosheleza” wakati 30 iliandikwa kwenye pendekezo mwaka mmoja kabla hakumdanganyi mtu.

## Maadili

11. Utafiti wangu ni wa dodoso tu. Kibali cha maadili kinahitajika kweli?

Ndiyo, na kabla ya mshiriki wa kwanza. Kibali hakirudi nyuma kuhalalisha data zilizokwishakusanywa. Utaratibu huu una historia. Azimio la Helsinki lilipitishwa mwaka 1964 na toleo lake la karibuni ni la 2024. Ripoti ya Belmont ya 1979 iliweka misingi ya kumheshimu mtu, kumtendea mema, na kutenda haki, baada ya kufichuka kwa utafiti wa Tuskegee nchini Marekani. Huko, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba hata penisilini ilipokuwa tayari dawa ya kawaida.

Uliza mapema unahitaji vibali vingapi: cha chuo, cha nchi unakokusanyia data, pengine na cha hospitali au halmashauri. Kila unapobadilisha dodoso au eneo, rudi kwa kamati. Na kama ni jaribio la afua (hatua inayochukuliwa ili kuboresha afya), lisajili hadharani kabla ya kumwandikisha mtu wa kwanza. Tangu 2005 majarida yanayofuata masharti ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu) hayachapishi majaribio ya kitabibu yasiyosajiliwa.

12. Mwenyekiti wa kijiji ameruhusu. Bado naomba ridhaa ya kila mtu?

Bado. Ruhusa ya kiongozi inakufungulia mlango wa kijiji, haimsemei mtu yeyote. Tena kuwa mwangalifu: kiongozi akikuongoza nyumba kwa nyumba, watu watashindwa kukataa mbele yake. Mshukuru, kisha muombe asiwepo wakati wa kuomba ridhaa. Kwa asiyejua kusoma, fomu husomwa mbele ya shahidi asiye wa timu yako, mshiriki anaweka alama ya dole gumba, na shahidi anasaini.

13. Nifanye nini nikimkuta mshiriki ni mgonjwa?

Jibu hili liandikwe kwenye pendekezo, lisibuniwe mlangoni kwa mtu. Ukipima shinikizo la damu utakutana na mwenye 180/120 au zaidi ambaye hajui kabisa. Lazima iwepo njia: kurudia kipimo, kumweleza kwa lugha anayoielewa, kumpa barua ya rufaa kwa kituo kilichokubali kumpokea, na kufuatilia kama alifika.

Linalosahaulika zaidi ni afya ya akili. Dodoso la PHQ-9 hutumika sana kupima dalili za sonona, na swali lake la tisa huuliza kama, katika wiki mbili zilizopita, mtu amewaza kwamba ni heri angekufa au amewaza kujidhuru. Sasa fikiria madodoso ya karatasi yamekaa kwenye boksi, yanaingizwa kwenye kompyuta mwezi mmoja baadaye, na anayeingiza anakuta jibu “karibu kila siku”. Swali hilo lazima liangaliwe kabla mdadisi hajatoka kwenye nyumba ile. Ukitumia kishikwambi, weka onyo linalojitokeza papo hapo, na namba ya mtu wa kupigiwa ambaye kweli anapokea simu.

14. Nimeondoa majina. Je, data zimekuwa salama?

Si lazima. Mwanamke, miaka 47, mkunga, kituo chenye mkunga mmoja: jina la nini tena? Panga umri kwa makundi, unganisha maeneo madogo, punguza usahihi wa viwianishi vya kaya, na katika nukuu za mahojiano ondoa kazi au tukio linalomtambulisha mtu kwa jirani yake. Jirani ndiye msomaji wa kuhofia.

## Kazi ya nyanjani

15. Nitajuaje kama wadadisi wanajaza madodoso chini ya mti?

Angalia data kila jioni, si mwisho wa mwezi. Dodoso la dakika 40 limejazwa kwa dakika 9? Umri wa watu wote unaishia na 0 au 5? Shinikizo la damu la mdadisi mmoja daima ni namba zinazoishia na sifuri? Kuna dalili moja ya ndani zaidi: mdadisi ambaye kaya zake hazina watoto wadogo kuliko za wenzake. Swali la “Je, kuna mtoto chini ya miaka mitano?” likijibiwa “hapana”, kurasa nyingi zinarukwa. Pengine ana bahati ya mitaa ya wazee. Pengine amechoka.

Rudia kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na wadadisi wajue tangu siku ya mafunzo kwamba zitarudiwa. Lakini kabla ya kufukuza mtu, tazama ratiba uliyompa. Malipo kwa kila fomu na lengo lisilofikika kwa siku huzaa fomu za kubuni hata kwa watu waaminifu.

16. Dodoso lililothibitishwa nchi nyingine linatosha?

Linakupa mahali pa kuanzia. Litafsiriwe, mtu mwingine alirudishe kwenye lugha lilimotoka bila kuona nakala ya kwanza, kisha keti na watu wachache wa kundi lako uwaulize, swali kwa swali, wameelewa nini. Fafanua hata yanayoonekana wazi: Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuharisha kuwa ni choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Mama mwingine atasema mtoto wake anaharisha kwa mara moja, mwingine hatasema hata kwa nne.

## Msimamizi, makala na tasnifu

17. Msimamizi wangu hajibu. Nifanyeje?

Punguza ukubwa wa ombi. Sura ya kurasa 60 yenye ujumbe “naomba maoni” itakaa. Kurasa tano zenye maswali mawili mahususi zitasomwa. Baada ya kila kikao mtumie muhtasari wa mliyokubaliana na tarehe. Muhtasari huo ndio utakaokulinda akihama, akistaafu au akibadili mawazo. Ukimya ukizidi, mratibu wa shahada za juu yupo kwa kazi hiyo. Kumwendea si utovu wa adabu.

18. Nani anastahili kuwa mwandishi wa makala zangu?

Kwa kanuni za ICMJE mtu lazima atimize mambo manne yote: amechangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi; ameandika au kuhakiki maudhui; ameidhinisha toleo la mwisho; na anakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Mkuu wa idara aliyesaini barua hashiki hata moja, na mahali pake ni kwenye shukrani. Mratibu wa nyanjani aliyerekebisha dodoso na kupinga tafsiri yako ya matokeo apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Zungumzeni hili kabla ya data, si siku ya kutuma makala.

19. Jarida limeniandikia likinisifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Nitume?

Usitume. Mapitio ya wahakiki hayafanyiki kwa siku tano. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni), au kama makala zake zinaonekana kwenye hifadhidata unazozitumia wewe mwenyewe. Ada ikiwa kikwazo, uliza msamaha: wachapishaji wengi huwapunguzia au kuwafutia watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Taasisi za nchi hizo pia husoma majarida mengi bure au kwa bei ndogo kupitia Hinari, iliyoanzishwa na WHO mwaka 2002.

20. Naweza kutumia akili mnemba kugeuza sauti za mahojiano kuwa maandishi na kuyachambua?

Sauti ya mshiriki isipakiwe kwenye huduma ya nje ambayo fomu ya ridhaa haikuitaja. Hilo ni suala la swali la 11 na la 14. Kusafisha lugha ya maandishi yako ni jambo jepesi zaidi, mradi useme. ICMJE tangu 2023 inataka matumizi hayo yatajwe, na haikubali programu kuorodheshwa kama mwandishi.

## Yasiyotarajiwa

21. Matokeo hayaonyeshi tofauti yoyote. Tasnifu imeanguka?

Haijaanguka, mradi swali na sampuli vilikuwa imara. Ila angalia unachokisema. Uwiano wa hatari (hatari ya waliopata afua kugawanya kwa ya wasioipata; 1 ni hakuna tofauti) wa 0.85 wenye kipimo cha uhakika (mipaka ambamo jibu la kweli linakadiriwa kuwamo) cha 0.60 hadi 1.20 hausemi “afua haifanyi kazi”. Unasema data hazitoshi kutofautisha kati ya faida kubwa na madhara kidogo. Kama kipimo ni 0.97 hadi 1.04, hapo unaweza kusema kwa ujasiri kwamba athari, kama ipo, ni ndogo. Kuchimba makundi madogo hadi moja litoe thamani ya P chini ya 0.05 (mpaka uliozoeleka wa kusema tofauti si ya bahati tu) ni jambo ambalo mtahini hulinusa kwenye jedwali la kwanza.

22. Mlipuko wa ugonjwa umesimamisha ukusanyaji wa data katikati. Niunganishe za kabla na za baada?

Usiziunganishe kimyakimya. Watu, huduma na tabia vimebadilika. Tenganisha vipindi viwili katika uchambuzi, au ubadili swali liwe kuhusu mabadiliko yenyewe, kwa idhini ya kamati.

23. Mtu amechapisha utafiti unaofanana na wangu.

Soma mbinu zake kabla ya kukata tamaa. Karibu kila mara anatofautiana nawe katika kundi, kipimo au muda, na sasa una mtu wa kulinganisha naye kwenye sura ya mjadala.

24. Jamii niliyoifanyia utafiti imechukizwa na matokeo.

Mara nyingi kinachochukiza ni jinsi matokeo yalivyowafikia: kupitia redio, au ripoti inayowaita watu “wenye imani potofu”. Rudisha matokeo kwao kabla ya kuchapisha, kwa mkutano na maelezo ya mdomo, na uwaachie nafasi ya kupinga. Wakionyesha kosa la ukweli, sahihisha. Wakipinga tafsiri, andika pingamizi lao ndani ya makala. Wakitaka matokeo yafutwe kwa sababu hayapendezi, hapo huwezi kukubali, na ni vizuri uwe ulishasema hivyo siku ya ridhaa. Kama jina la kijiji linaweza kuachwa bila kuharibu maana, liache.